Antelope Island: anzeni na ranchi kwanza, baisoni baadaye

Watu wengi wakienda Antelope Island, ile hifadhi ya jimbo la Utah iliyoko ndani ya Great Salt Lake, wanafanya mzunguko uleule. Wanavuka lile tuta refu linalotoka mji wa Syracuse, kama kilomita 11 hivi za barabara katikati ya ziwa, wanasimamisha gari wakimuona baisoni (nyati wa Marekani) wa kwanza, wanapiga picha, wanashuka Bridger Bay kugusa maji ya chumvi, halafu kama muda upo ndo wanaendesha kuelekea kusini kuona majengo ya zamani ya ranchi ya Fielding Garr, na mara nyingi muda unakuwa umeshaisha. Mimi naona mpango huo ugeuzwe. Nenda ranchi kwanza, kaa pale saa nzima au zaidi, uingie kila banda, af ndo urudi kwenye wanyama na njia za mlimani, manake bila ranchi hutaelewa unachokiangalia. Utaona pori na wanyama utapenda, ila utaondoka unadhani umeona ardhi iliyoachwa kama ilivyo, na hapo ndo kosa lilipo.

Ranchi yenyewe iko upande wa mashariki wa kisiwa, karibu kilomita 18 kutoka eneo la kaskazini ambako tuta linaishia. Nyumba ni ya chini tu, kuta zake nene za matofali mabichi ya udongo, ilianza kujengwa mwaka 1848, yaani mwaka mmoja tu baada ya Brigham Young na Wamormoni wake kufika bonde la Salt Lake. Inahesabika kuwa jengo la zamani kuliko yote yaliyojengwa na wazungu Utah ambalo bado limesimama kwenye msingi wake uleule. Na watu waliendelea kuishi humo bila kukatika mpaka mwaka 1981 jimbo liliponunua sehemu kubwa iliyobaki ya kisiwa (upande wa kaskazini walikuwa nao tangu 1969). Hebu fikiria miaka 133 ya watu kuamka ndani ya nyumba moja, ndo maana ukipita chumba kwa chumba unaona miaka inapishana, ukuta wa enzi za mwanzo umeongezewa chumba cha baadaye, jiko la karne iliyopita limekaa ndani ya ukuta wa udongo wa karne ya nyuma yake.

Nje kuna chumba kidogo kilichojengwa kwenye chemchemi, maji baridi yanapita, ndo walikuwa wanahifadhi humo maziwa na nyama zisiharibike. Kuna banda la mhunzi, kuna matrekta na mashine za kila kizazi, kuna ghala kubwa la kukatia kondoo manyoya. Hilo ghala linanishika kuliko nyumba. Kuna wakati kisiwa hiki kilikuwa na kondoo karibu 10,000, ni mojawapo ya shughuli kubwa za kondoo upande wote wa magharibi ya Marekani, na ukisimama pale kwenye mbao zilizokwaruzwa unaelewa kwamba hapa palikuwa kiwanda. Tunapoambiwa ranchi wengi tunawaza mtu na farasi wake na jua linazama, lakini hii ilikuwa biashara ya kuhesabu vichwa na magunia ya sufu.

Na haikuanza kama mali ya familia pia. Fielding Garr mwenyewe alitumwa na kanisa la Wamormoni akachunge mifugo ya kanisa, na mapato ya mifugo hiyo yalisaidia mfuko wa kuwasafirisha waumini maskini kutoka Ulaya kuja Utah. Kwa hiyo majani ya kisiwa hiki yaliliwa na ng'ombe, ng'ombe wakawa hela, hela ikawa nauli, nauli ikaleta watu zaidi kwenye bonde, na watu wale nao wakahitaji ardhi na maji na mifugo yao. Ukilishika hilo mapema mengine yote yanafunguka. Kisiwa kilitumika kama ghala la mali la jamii iliyokuwa inakua haraka, na kuta za maghala hayo zilikuwa ni maji ya ziwa, hamna haja ya uzio wala walinzi wengi.

Sasa njoo kwa baisoni. Watu wanawaona wamelala kwenye nyasi wanadhani hawa wamekuwepo siku zote, mabaki ya zile mamilioni zilizokuwa zinazagaa Marekani kabla ya mauaji ya karne ya 19. Ukweli ni kwamba baisoni 12 waliletwa kwa mashua mwaka 1893, madume manne, majike manne na ndama wanne, na waliowaleta ni wafanyabiashara, William Glasmann na John Dooly, kipindi ambacho baisoni nchi nzima walikuwa wamebaki wachache mno. Kwa hiyo lile kundi maarufu ni sehemu ya historia ya ranchi, lilikuja kama mradi wa watu wenye ardhi. Baadaye wakauza nafasi za kuwinda, na miaka ya 1920 kundi likapigwa risasi mpaka likabaki dogo sana, halafu likajazana tena taratibu. Leo ni mojawapo ya makundi ya umma ya zamani zaidi nchini humo na damu yake ina thamani kubwa kwa watu wa uzalishaji wa wanyama hawa, ila lilipona kwa mkono wa mtu uleule uliokaribia kulimaliza.

Na mkono huo haujatoka. Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba hifadhi inaita wapanda farasi, mamia ya watu wanakuja na farasi zao, wanaswaga baisoni kutoka kusini mpaka kwenye mazizi ya kaskazini, kule wanapimwa, wanachanjwa, wanawekewa chipu, majike wanaangaliwa kama wana mimba, na wanaozidi idadi ambayo majani yanaweza kulisha wanauzwa kwa mnada. Kiangazi wanaweza kufika hata 700, baada ya mnada wanarudishwa kwenye 500 na kitu. Kuna wachache pia wanawindwa kwa kibali. Mtu mwingine akisikia hivo anakasirika, anasema kumbe hii sio hifadhi ni shamba. Mimi siwalaumu kabisa. Kisiwa ni ekari 28,000, hamna mbwamwitu, baisoni hawana pa kuhamia majani yakiisha, ukiwaacha wazaliane tu utawaua kwa njaa na nyasi utazimaliza. Ninachokipenda ni kwamba wanafanya hadharani, watu wanaalikwa waje kuangalia, hawajifichi nyuma ya neno asili. Kinachokosekana ni kuunganisha, yaani yule mtu anayeshangilia wapanda farasi mwezi wa kumi aelezwe wazi kwamba anaangalia kazi ileile iliyofanyika kwenye ghala la kule kusini, kuhesabu, kupima, kuuza, tofauti ni mwenye mali tu, zamani kampuni na sasa jimbo.

Wanyama wengine nao wana hadithi za namna hiyo. Kisiwa kilipewa jina lake mwaka 1845 na wavumbuzi John C. Frémont na Kit Carson baada ya kuwinda pale wale wanyama mfano wa swala wanaoitwa pronghorn, lakini kufikia miaka ya 1930 wakawa wametoweka kabisa, wakarudishwa mwaka 1993. Kondoo mwitu wa pembe kubwa waliletwa 1997, wakaongezeka vizuri mpaka ugonjwa wa mapafu ukaja kuwafyeka. Hata ndege wa chukar unaowasikia kwenye mawe asili yao ni Asia, waliletwa kwa ajili ya wawindaji. Koyoti na sungura na bundi wa mashimoni hao ndo wenyeji wa siku zote. Kwa hiyo ukitembea njia za Antelope Island na darubini yako, karibu kila mnyama mkubwa unayemuona kuna mtu aliamua awepo.

Kwa habari ya njia zenyewe, kama una nguvu ya kutosha panda Frary Peak, kilele ni mita kama 2,010 juu ya usawa wa bahari, njia ni ndefu na haina kivuli, beba maji mengi kuliko unavyodhani. Majira ya kuchipua huwa wanaifunga kwa muda kwa sababu ya kondoo mwitu kuzaa, na kipindi hichohicho kuna vijidudu vidogo vinavyouma kichwani mpaka watu wanageuza gari, kwa hiyo vuli ndo msimu mzuri. Usipoweza kupanda hadi juu, Buffalo Point ni fupi na inakupa ziwa lote la kaskazini. Baisoni mpe nafasi yake hata kama inabidi usubiri au uache njia uzunguke mbali, manake anaonekana mzito na mpole lakini anakimbia kuliko wewe kwa mbali sana.

Ila ukifika juu, usiangalie kisiwa tu. Angalia ile mistari kwenye mabega ya milima, kama ngazi, hiyo ni fukwe za Lake Bonneville, ziwa kubwa la maji baridi lililokuwepo hapa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita na hili la chumvi ni mabaki yake. Halafu shusha macho, uone ule weupe uliozunguka kisiwa, tambarare ya chumvi na matope makavu mahali ambapo ramani yako inaonyesha maji. Halafu geukia mashariki, mji umejipanga mguu kwa mguu chini ya milima ya Wasatch, zaidi ya watu milioni mbili, na kaskazini mwa hapo mabonde ya kijani. Hayo matatu, mistari, weupe na kijani, yanaelezana.

Ziwa hili halina mto unaotoka, maji yanaingia kwa mito ya Bear, Weber na Jordan, yanatoka kwa jua peke yake. Ukichukua maji mtoni kabla hayajafika, ziwa linashuka, hesabu ni nyepesi hivyo. Novemba 2022 lilishuka mpaka mita kama 1,277 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kuliko chote tangu vipimo vianze katikati ya karne ya 19. Kwa kulinganisha, mwaka 1986 lilikuwa karibu mita saba juu ya hapo, tuta la barabara lilikuwa limeshazama miaka michache kabla na hifadhi ikafungwa kwa karibu miaka kumi, mpaka 1993. Mtu mmoja wa makamo anaweza kuwa ameona vyote viwili, barabara chini ya maji na bandari ya mashua imekauka, manake kufikia 2022 maji pale kisiwani hayakutosha mashua kuelea. Antelope Island ikawa kisiwa kwa jina tu, unaweza kutembea kwa mguu pande ambazo Fielding Garr alikuwa akitegemea maji yamzuilie ng'ombe.

Sawa, ukame umechangia, joto limechangia, hakuna anayekataa. Lakini kinachotumia maji mengi kuliko vyote kwenye bonde hilo ni kilimo, na kwenye kilimo sehemu kubwa ni alfalfa na nyasi za kukausha, yaani chakula cha ng'ombe. Hapo ndo nataka msomaji asimame kidogo. Ranchi ile ya kusini tumeambiwa ni historia, imefungwa 1981, imewekwa kamba na vibao, watoto wanapanda kwenye trekta bovu wanapigwa picha. Wakati huohuo mfumo ulioizaa, wa kugeuza majani na maji kuwa mifugo na mifugo kuwa pesa, uko hai ng'ambo ya maji, na ndio unaoamua kama kisiwa kitaendelea kuwa kisiwa. Huwezi kuwa na makumbusho ya kitu ambacho hakijaisha halafu usiseme kwamba hakijaisha.

Na sisemi wakulima wa Utah ni watu wabaya. Wengi ni vizazi vya wale walioletwa na ile nauli, wameambiwa tangu babu zao kwamba kulimwagilia jangwa ni ibada na ni uzalendo, na sheria ya maji ya kule magharibi imejengwa juu ya kanuni kwamba aliyewahi ndo mwenye haki, na usipoitumia haki yako ya maji unaweza kuipoteza. Mkulima aliyekuwa anataka kuyaacha maji yaende ziwani alikuwa anajiadhibu mwenyewe. Mwaka 2022 bunge la jimbo likabadilisha hapo, likaruhusu mwenye haki ya maji akodishe maji hayo yabaki mtoni mpaka ziwani bila kupoteza haki yake, na likatenga dola milioni 40 kwa ajili ya ziwa. Ni hatua ya maana, ila ni ndogo mbele ya deni lenyewe, na theluji nyingi ya 2023 iliyolipandisha ziwa iliwafanya wengi wapumue mapema mno.

Walio katikati ya hili ni viumbe vidogo. Ndani ya maji yale hamna samaki, chumvi ni nyingi, kuna uduvi wadogo wa maji chumvi na inzi wa chumvi, hao inzi ambao wageni wanalalamika wakiwaona wameweka utando mweusi ufukweni, hawaumi wala hawakai mwilini mwa mtu. Mamilioni ya ndege wanaohama wanakula hao, wengine wakipita kuelekea Amerika ya Kusini, wanajaza mafuta hapo. Maji yakipungua chumvi inazidi, chumvi ikizidi sana uduvi na inzi wanashindwa, na ndege akifika anakuta meza tupu. Na ule weupe uliouona kutoka juu ya Frary ukikauka kabisa unapeperuka vumbi, na vumbi lile lina arseniki, linaelekea kwenye mapafu ya wale watu milioni mbili. Kwa hiyo hata asiyejali ndege ana sababu yake.

Kuna kitu kingine ranchi inakipunguza. Nyumba ni ya 1848, vibao vinaanza hapo, na mtu anaweza kuondoka anaamini kwamba ni hapo kisiwa kilipopata watu. Watu walifika kisiwani maelfu ya miaka kabla, na chemchemi haikumsubiri Garr aje kuigundua. Frémont mwenyewe aliandika kwamba aliporudi nchi kavu mwaka 1845 na nyama yake alikutana na mzee mmoja wa Waute, kabila la wenyeji wa asili wa Utah, mzee akamwambia wanyama wale wote wa kisiwani ni wake, anadai malipo, na Frémont akampa kitambaa chekundu, kisu na tumbaku. Hicho kisa kingestahili kuwa cha kwanza kabisa pale kwenye mlango wa ranchi, kwa sababu kinasema wazi kwamba mwenyewe alikuwepo, alijulikana na alidai. Miaka 18 baadaye, Januari 1863, jeshi la Marekani liliua mamia ya Washoshone, kabila jingine la wenyeji wa asili, kando ya Bear River, huo mto mkubwa unaolisha ziwa, baada ya mifugo na mashamba ya walowezi kumaliza nyasi ambazo mbegu zake ndo zilikuwa chakula cha Washoshone na njaa kuleta ugomvi. Mfugo tena. Na mwaka 2018 Washoshone wa Kaskazini Magharibi walinunua ardhi ya pale mauaji yalipotokea, sasa wanang'oa miti vamizi inayokunywa maji na kupanda ya asili, ili maji zaidi yafike ziwani.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu kwetu hadithi inafanana zaidi ya tunavyojua. Anayekwenda Saadani leo, hifadhi ile ambapo pori linagusa Bahari ya Hindi, anatembea kwenye ardhi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa Mkwaja Ranch, ranchi ya ng'ombe ya kampuni ya Amboni iliyoanza miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000, imepambana na ndorobo na vichaka kwa karibu nusu karne mpaka ikashindwa. Nyasi na vichaka vya pale bado vina alama za ng'ombe. Ni wageni wangapi wanaondoka Saadani wanajua hilo? Sisi tumechagua kuuza pori lisilo na watu, majengo ya wafugaji na wakulima waliotangulia tunayaacha yaanguke au tunayapita kimya. Utah wameyatunza majengo, wameyafungua, mtoto anaingia na kugusa ukuta. Hapo wametuzidi na tuwaige bila aibu, tuweke kibao Mkwaja, tuseme nani alifuga, kwa fedha ya nani, vijiji gani vilikuwepo kabla, kwanini ng'ombe walishindwa na wanyama wakarudi.

Kwa hiyo ombi langu kwa hifadhi ya Antelope Island ni la vitu vitatu vinavyowezekana kabisa. Ndani ya ghala la kondoo wekeni ramani ya mito mitatu na maji yanakoishia, shamba kwa shamba. Kando yake wekeni kipimo cha ziwa cha wiki hii, namba tu, watu wazoee kuuliza imepanda au imeshuka. Na watu wa Washoshone na Waute waitwe waandike kibao cha mlangoni wao wenyewe, kwa maneno wanayotaka wao. Mgeni akishasoma hayo ndo aendeshe kaskazini akawatazame baisoni, na safari hii akiwaona wamelala kwenye nyasi atajua aulize nyasi hizo zinapimwa na nani, na maji ya mwaka huu yamefika wapi.